Kesi Zilizopata Wakili

Miaka ya 1990, mtu aliyetaka kuthibitisha mbele ya mahakama za Bukavu kwamba yeye ni maskini ilimbidi kwanza atafute pesa. Karatasi yenyewe iliitwa hati ya umaskini. Ilitolewa na ofisi ya serikali, ikapigwa muhuri, na muhuri haukupigwa bure. Bila hati hiyo, baro la Bukavu, yaani chama cha mawakili, halikukupa avoka wa pro deo, yaani wakili asiyelipwa na mteja. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika ofisi ndogo ya kutetea haki za watu pale mjini, mzaliwa wa Miti, na kila asubuhi kabla sijagusa mashine niliwaeleza watu wa kwetu kwa Kimashi kwamba, kwa macho ya sheria, umaskini wao ulikuwa bado haujakamilika.

Walikuja kwa miguu, au juu ya malori ya ndizi. Kutoka Miti hadi Bukavu ni kilomita ishirini na kitu, na barabara ya wakati ule ilikula tairi na migongo ya watu. Miti yenyewe ni njia panda. Mkono mmoja unakwenda Kavumu, Katana na Kalehe mpaka Goma. Mwingine unapanda Tshivanga, unaingia msitu wa Kahuzi-Biega, unatokea Bunyakiri na Hombo. Kila aliyeonewa pande hizo alipita hapo, na wengi walielekezwa kwangu kwa sababu tu nilikuwa binti wa pale na nilijua kuandika.

Leo vijana wanadhani msaada wa sheria ulikuja Kivu Kusini pamoja na magari meupe ya mashirika ya baada ya vita. Lakini sheria ya mawakili ya mwaka 1979, ya enzi za Mobutu, tayari ilikuwa inazitaka baro ziwe na ofisi ya ushauri wa bure. Kwa vitendo dosia ya maskini ilitupiwa wakili mwanafunzi, akaisoma amesimama kwenye veranda ya mahakama, dakika chache kabla ya jina la mteja kuitwa. Kilichobadilika baada ya Aprili 1990, Mobutu alipotangaza kuruhusu vyama vingi, ni kwamba watu wa makanisa na wa sosiete sivile waliingia katika kazi hiyo kwa moyo. Héritiers de la Justice ilizaliwa mwaka 1991 upande wa Waprotestanti. Wakatoliki walikuwa na Groupe Jérémie. Na kulikuwa na ofisi nyingine ndogondogo, yetu ikiwemo. Jina lake niliache. Waliobaki hai wataitambua.

Niseme mapema ninachotaka kusema. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuona wakili wa bure asiye na mtu wa kumlipa. Mteja tu ndiye hakulipa. Mwingine alilipa, awe parokia, awe shirika la Ubelgiji, awe wakili mwenyewe aliyetaka kujulikana kabla ya uchaguzi, na huyo mwingine alikuwa na siasa yake. Silisemi hili kwa uchungu. Niliwaheshimu wengi wao na bado nawaheshimu. Ila nilikaa pembeni ya meza, na aliye pembeni ya meza huona mikono ya wote.

Meza ninayoisema ni ya Ijumaa alasiri, kikao cha dosia. Mratibu alikaa kichwani, mawakili wa kujitolea kila upande, mhasibu, mtu mmoja wa kanisa, na mimi na daftari langu. Dosia za wiki zilimwagwa mezani, wakazipepeta kama wanawake wanavyochagua maharage kabla ya kuyatia chunguni. Swali la kwanza halikuwa kama mtu ameonewa, maana wote walikuwa wameonewa. Waliuliza: adui ni nani?

Kama adui alikuwa mwanajeshi aliyempiga muuza makaa kwenye kizuizi, dosia ilikwenda upande wa kulia. Kama alikuwa wakala wa serikali aliyemfungia mtu katika shimo la mahabusu la grupema kwa sababu ya kodi, kulia vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa ya miaka ile. Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulikuwa umefunguliwa Kinshasa Agosti 1991, watu walikuwa wanasikiliza redio mpaka betri zinaisha, na kila kesi dhidi ya dola ilikuwa kipande cha vita dhidi ya Mobutu. Mawakili wetu waliifanya kazi hiyo bila senti, na wengine walilala mahabusu kwa ajili yake.

Upande wa kushoto zilirundikana kesi za ardhi. Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu mgeni hawezi kuielewa Miti bila ardhi.

Katika Bushi, nchi yetu sisi Bashi, mtu alipewa shamba na mwami, mtawala wa jadi, au na mkubwa wa kilima kwa kutoa kalinzi, zamani ng'ombe, na shamba hilo likawa lake na la wanawe. Asiyekuwa na ng'ombe alilima kwa bwasa, msimu kwa msimu, kwa hisani ya mwenye ardhi. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya Julai 1973. Ikasema udongo wote ni wa dola. Kuhusu mashamba ya mila, ikaahidi kwamba rais angetoa amri maalumu ya kuyapangia utaratibu. Amri hiyo haijatoka mpaka leo. Kwa hiyo mkulima wa Miti mwenye kalinzi ya babu yake amekaa katika ahadi ya nusu karne, na mtu wa mjini mwenye jamaa katika ofisi ya hati anaweza kuja na karatasi yenye ramani na rangi ya kijani, akasema kilima chote hiki ni changu. Ongeza mashamba makubwa ya chai na ya kwinini yaliyoachwa na Wazungu, yakagawiwa wakubwa Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973. Ongeza kituo cha kilimo cha Mulungu. Ongeza Parki ya Kahuzi-Biega. Ardhi iliyobakia kwa mtu wa kawaida ilikuwa kipande cha mihogo na migomba michache ya kasiksi, pombe ya ndizi.

Sasa, kesi ya ardhi adui wake ni nani? Mara ni mkwe wa mwami, na nusu ya waliokaa mezani walikuwa watoto wa Bushi wenye shangazi nyumbani kwa mwami. Mara ni misheni yenyewe, na kodi ya nyumba yetu ililipwa na nani? Mara ni shemeji wa mjane, kesi ya ndugu kwa ndugu, isiyomtikisa Mobutu hata kidogo. Mratibu alikuwa na sentensi yake: "Hii ni ya mila, wakaipatanishe kilimani." Mjane alirudishwa kilimani, mbele ya wazee walewale waliompa shemeji shamba.

Vita nitavipita haraka, vimeandikwa na wengi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Kashusha na INERA, karibu na Kavumu, na miti ya kwetu ikaisha kwa kuni. Jambo moja tu la wakati huo lazima nilitaje. Oktoba 1996 makamu wa gavana aliwapa Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, siku chache waondoke jimboni. Ilikuwa amri juu ya kabila zima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria angeweza kuivunja kwa aya moja ya Katiba. Ijumaa ile hakuna aliyeileta mezani. Tuliongea juu ya karatasi za mashine na bei ya wino. Ofisi iliyokuwa na neno haki kwenye kibao cha mlango haikutaka kuonekana ikimtetea mtu ambaye jiji zima lilikuwa limekwisha kumhukumu, na sitasema ni woga peke yake, maana wengine mezani waliafiki. Wiki chache baadaye Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu aliuawa barabarani, tarehe 29 mwezi uleule, na hakukuwa na Ijumaa nyingine kwa muda mrefu.

Wakati wa utawala wa waasi wa RCD, kuanzia 1998, siasa iligeuka tena. Kumtetea mtu aliyeshikwa na watawala wapya kulihesabiwa kuwa upinzani, na mji ulikupenda kwa hilo. Askofu Mkuu Kataliko alipofukuzwa kwenda Butembo Februari 2000, mawakili waliokuwa hawajawahi kugusa dosia ya maskini walijitokeza kutaka kuandika barua. Walikuwa na haki, na walikuwa na ujasiri pia. Lakini mama mmoja wa Miti aliyekuwa anasubiri tangu asubuhi na kesi yake ya shamba aliniuliza kama na yeye inabidi awe askofu.

Baada ya makubaliano ya amani ya 2003 zikaja dolari. Wale waliokuwa hapo watakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Hospitali ya Panzi, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa inapokea wanawake ambao hadithi zao sitazirudia hapa. Dunia ikasikia, kwa kuchelewa. Julai 2006 Kinshasa ikatoa sheria mpya mbili juu ya ubakaji: uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, hukumu itoke ndani ya miezi mitatu, na aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali. Mwezi Agosti 2009 Hillary Clinton alifika Goma, akaahidi dolari milioni 17. Chama cha mawakili wa Marekani kilikuwa kimekwisha kufungua ofisi Kivu, na Avocats Sans Frontières ya Ubelgiji ilikuwa imekwisha kufika. Ofisi yetu ikahamia nyumba yenye jenereta. Mashine yangu ya kupiga chapa ikapelekwa stoo, nikafanywa parajuristi, nikapewa pikipiki yenye dereva.

Na ikaja fishi, fomu ya kujaza kwa kila mteja. Ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa kwa kompyuta, nembo za wafadhili juu. Aina ya ukatili: visanduku vitano. Mtuhumiwa: jeshi, kundi lenye silaha, polisi, raia. Hati ya daktari: ndiyo, hapana. Tarehe ya tukio. Chini kabisa, namba ya dosia, na hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko yote, kwa sababu mkaguzi wa hesabu alipokuja alihesabu namba.

Mtu aliyenifanya niichukie fishi ile alikuwa mzee wa Kitwa kutoka kambi moja ya upande wa Miti. Alikuja na mjukuu wake, akakaa kwenye benchi na akina mama waliokuwa wamekuja kwa mambo mengine. Mfukoni alikuwa na kadi iliyofungwa kwa plastiki ya sukari: kadi ya pisteri, mfuata nyayo za gorila. Picha ilikuwa imefifia mpaka limebaki sikio na ukosi wa shati. Alikuwa amewaongoza wageni msituni siku Parki ilipokuwa changa. Ilianzishwa rasmi Novemba 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na ilikuwa na hekta kama 60,000. Mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi, hadi 600,000. Batwa, watu wa asili wa msitu huo, walikuwa wanaishi humo. Wakatolewa, maelfu, bila fidia na bila mahali pa kwenda, wakawa wapangaji wa huruma pembezoni mwa mashamba ya Bashi. Wengine, kama mzee huyu, walibakizwa kazini kwa muda kwa sababu gorila walikuwa hawajulikani na mtu mwingine.

Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alianza na kisanduku cha tarehe.

"Papa, tukio lilitokea lini?"

"Hujazaliwa, mwanangu."

"Na mtuhumiwa ni jeshi au raia?"

Mzee alifikiri kweli. Akasema walikuwa na sare, na walikuwa na karatasi, na mmoja wao alikuwa rafiki yake.

Nilimchukulia maelezo yeye mwenyewe, nje ya fishi. Alivitaja vilima vya ndani kimoja kimoja, kila kimoja na aliyezikwa pale. Alichotaka hakikuwa pesa. Alitaka aruhusiwe kuingia kuokota dawa na asali, na kwenda makaburini, bila kupigwa risasi. Ijumaa niliipeleka mezani. Maître mmoja kijana, ambaye baadaye amekuwa mtu mkubwa katika baro, alisema anaichukua, hata kwa pesa yake. Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole: kesi imepitwa na muda, au watasema imepitwa, mpinzani ni taasisi ya hifadhi, yaani dola, na serikali ya mfadhili wetu mkubwa inaisaidia Parki. "Gorila wana marafiki wengi," akasema, na watu wakacheka, na dosia ikaenda kushoto. Nikaandika jina la mzee kwenye kurasa za nyuma za daftari, kwa penseli, pamoja na wajane wa mashamba. Kurasa za mbele zilikuwa za kalamu, zile zenye namba.

Ukosefu wa wakili ulikuwa na sura nyingine, na hii ni ngumu kuisema mbele ya wanawake wenzangu. Karibu na kwetu kulikuwa na kijana aliyempa mimba msichana wa miaka kumi na saba. Zamani familia zingekaa, mbuzi na mahari vingezungumzwa. Chini ya sheria ya 2006 ulikuwa ubakaji, miaka mitano hadi ishirini. Mama wa msichana mwenyewe alikuja ofisini akilia, akitaka kuiondoa kesi. Alikuwa ameandikisha malalamiko kwa hasira na kwa kushauriwa, sasa alitaka mkwe. Tulimwambia haiwezekani. Msichana alikuwa na wakili wetu, bure, mwenye gari. Kijana alipewa wakili wa kutajwa na mahakama, aliyemwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile na kumwita kwa jina la mshtakiwa aliyetangulia. Hakukuwa na shirika hata moja katika Bukavu lenye fungu la kumtetea mtuhumiwa wa ubakaji. Ungeiandikaje ripoti hiyo? Ungemtumia nani?

Najua kitakachosemwa. Nimewabeba kwa pikipiki akina mama waliokuwa hawawezi kukaa, sihitaji kufundishwa. Lakini mahakama yenye wakili wa upande mmoja tu huzoea kutoa hukumu haraka, na mazoea hayo hayabaki kwa wabakaji. Februari 2020 mahakama ya kijeshi Bukavu iliwahukumu Batwa wanane wa Kahuzi-Biega kwa shughuli zao ndani ya Parki. Wanaume sita walipata miaka kumi na mitano kila mmoja. Kesi ilikwisha kwa siku moja.

Mwaka fulani, wakati wa magari meupe, alikuja mwanasheria wa Marekani, mwanamke, kutoka moja ya ofisi kubwa za mawakili za huko, zenye mamia ya wanasheria chini ya paa moja. Alikuwa hapati mshahara wetu. Ofisi yake ndiyo iliyomlipa huku akitufanyia kazi bure. Alikuwa mchapakazi, na alikula sombe bila kutazama nani anamtazama. Jioni moja nilimuuliza nani huchagua kesi za bure kwao. Akasema kuna kamati. Nikamuuliza kama inakaa Ijumaa.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba mambo yetu hayakuwa ya Kivu peke yake. Ofisi hizo, akasema, hutetea bure watu wengi: waomba hifadhi, wahukumiwa kifo, wafungwa. Lakini kesi dhidi ya benki au mwajiri mkubwa ni nadra kuigusa, kwa sababu benki na waajiri ndio wateja wanaolipa. Na akanisimulia kisa cha Januari 2007, ambacho baadaye nimekisoma mwenyewe. Mawakili wa ofisi kubwa walikuwa wanawatetea bure wafungwa wa Guantánamo. Afisa wa wizara ya ulinzi, Charles Stimson, akazitaja ofisi hizo redioni moja moja, akisema wakuu wa makampuni wakijua watawaambia mawakili wao wachague: kutetea magaidi au kutetea makampuni yenye heshima. Kelele zikawa nyingi, akaomba radhi, na Februari akajiuzulu. Yule mwanamke aliona kisa hicho kama ushindi. Mimi niliona kwamba Stimson alikuwa anajua pa kubonyeza.

Haki inanilazimu niseme pia kile ambacho mwelekeo wa wafadhili kwa kesi za ubakaji ulituletea, maana kuna watu wanaopenda kuubeza wote. Baraka, Februari 2011: mahakama ya kutembea, iliyolipiwa na pesa za nje, ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi miaka ishirini kwa yale askari wake waliyoyafanya Fizi usiku wa mwaka mpya. Kanali, kutiwa pingu na maneno ya wanawake wa kijijini! Na Kavumu, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ambako tangu 2013 watoto wadogo wa kike, wengine hawajafikisha miaka miwili, walikuwa wanaibwa usiku kutoka vitandani. Mtuhumiwa mkubwa alikuwa mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, na kwa miaka hakuna aliyemgusa. Ni madaktari wa Panzi na mawakili wasiolipwa na wazazi waliosukuma kesi hizo ziunganishwe kuwa moja. Tarehe 13 Desemba 2017 yeye na wenzake kumi walipata kifungo cha maisha, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wazazi wale wasingeweza kununua hata ile hati ya umaskini. Kesi hiyo ingeachiwa kamati yetu ya Ijumaa ya miaka ya 1990, ingesema nini? Labda ingeichukua pia. Adui alikuwa mkubwa.

Wale wa kurasa za nyuma walisubiri. Batwa walipata shirika la kuwabeba, ERND la hapahapa Bukavu, na kesi ikaingia mahakamani mwaka 2008. Mahakama za Kivu Kusini zikasema jambo hilo ni la Katiba, haliwahusu. Mwaka 2015 ERND pamoja na Minority Rights Group ya London wakaipeleka Banjul, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Tume iliamua mwaka 2022, uamuzi ukatangazwa hadharani 2024: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na ardhi yao irudishwe. Nilimtafuta mjukuu wa mzee nimsomee. Babu alikuwa amekufa siku nyingi, akazikwa katika shamba la mtu mwingine. Mjukuu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani atakayewaambia walinzi.

Mpaka naandika haya, hakuna aliyewaambia. Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Kavumu, siku mbili baadaye Bukavu, na mahakimu wa serikali wakaondoka. Magari meupe yaliondoka pia, mengi yao. Mwezi uliofuata, katika redio, nikasikia habari za Marekani: rais wao ameziandama ofisi kubwa za mawakili zilizokuwa zimetetea wapinzani wake. Nne zilikwenda mahakamani na zikashinda. Tisa zilipatana naye, zikaahidi kazi za bure zenye thamani ya dolari milioni 940 hivi kwa mambo ambayo yeye na wao wanayaafiki. Milioni mia tisa na arobaini za pro deo! Jirani yangu aliuliza kwa nini nacheka peke yangu, nikashindwa kumweleza.

Wanafunzi wa sheria bado huja kwangu, kwa ajili ya vitabu vyao vya kumaliza chuo. Wanajua nina daftari. Karibu wote wanataka kurasa za mbele, mashauri ya ubakaji, kwa kuwa huko ndiko kuna ufadhili wa kusoma Ulaya, na siwalaumu. Mwaka huu amekuja mmoja, kijana wa Katana, anaandika juu ya kalinzi na ile amri ya rais ambayo haikutoka. Nilimwuliza nani anamlipia. Akasema mjomba wake, muuza mbao, ambaye ana kesi ya shamba. Nikamwambia basi aazime daftari wiki mbili, alinakili lote pamoja na majina ya waliomshinda mjomba, na asifute penseli.